Mteja anataka Altium, mimi nachora kwa KiCad. Nifanyeje wakuu?

FundiWaLangoni (Lamu)

Assalaam alaykum wanajamvi, na wengine wote hamjambo.

Nina jambo linaninyima usingizi. Mimi ni fundi elektroniki hapa Lamu, upande wa Langoni. Natengeneza redio za boti, chaja za sola, na huu mwaka wa tatu nachora mwenyewe bodi zangu za saketi. Inayonilisha ni bodi ya pampu ya ngama. Maji yakipanda ndani ya chombo, boya linanyanyuka na pampu inawaka yenyewe. Betri ikishuka sana inakata, ili nahodha asubuhi apate nguvu ya kuwasha mashine. Manahodha wa boti za Mokowe wananijua kwa hiyo. Mvua ikinyesha usiku, siku hizi hakuna mtoto anayeamshwa kwenda kukumba maji.

Zote nimechora kwa KiCad, programu huria ya kuchora bodi, yaani ya bure na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuibadilisha. Sasa amekuja mteja mkubwa, mwenye boti za watalii, anataka bodi 40. Ana mhandisi wake Ulaya wa kukagua kazi, na huyo mhandisi ameandika kwamba mchoro uletwe kwa Altium Designer, programu ya kulipia ya kazi hiyo hiyo, kwa sababu KiCad ni ya wanafunzi. Nimeuliza bei ya leseni. Kwa mwaka ni maelfu ya dola. Faida yangu kwenye bodi 40 haifiki hapo hata nikila ugali mkavu mpaka Maulidi.

Kuna kijana hapa mtaani ana Altium ya kraki kwenye flashi, yaani iliyovunjwa kufuli isidai leseni, anasema nimpe mia tano.

Sasa nauliza wenye uzoefu. KiCad kweli ni ya kujifunzia tu? Nichukue kraki nimalize kazi? Au niiache kazi yenyewe ipite? Nawasilisha.

JahaziBovu

Chukua kraki ami, maliza kazi, hesabu pesa. Ulaya wataonea wapi?

Shaba35 (Mombasa)

Wewe Jahazi, jina lako linatosha, hatuna haja ya kusikia maoni yako.

Fundi, wa alaykum salaam. Mimi nimeanza kuchora bodi enzi za kuchora njia kwa kalamu juu ya shaba na kuizamisha kwenye feriki kloraidi, vidole vinabaki vya manjano wiki nzima. Kwa hiyo univumilie, nitakuwa mrefu.

Hiyo ya wanafunzi iondoe kichwani. Ni kweli KiCad ilizaliwa chuoni: ilianzwa mwaka 1992 na Mfaransa, Jean-Pierre Charras, kule Grenoble. Lakini baadaye CERN, wale wenye mtambo wa kugonganisha chembe chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, waliweka watu wao kuijenga. Unajua pale ukiburuta njia moja ya shaba na zilizo jirani zinasogea zenyewe kuipisha? Huo ni mkono wa CERN, na sisi tuliupata kwenye toleo la 4, mwaka 2015. Anayedhani CERN wanachezea vitu vya watoto aje aniambie.

Nikwambie kilichonitoa mimi kwenye programu za wenyewe. Nilikuwa mtu wa EAGLE, ile ya Wajerumani wa CadSoft, iliyoanza 1988. Tuliijua wengi kwa sababu ya Arduino, wale Waitalia walikuwa wakitoa michoro ya bodi zao kwa EAGLE, ukifungua unajifunza. Ya bure ilikuwa na mipaka: tabaka mbili tu za shaba, na eneo lisizidi sentimita za mraba 80. Nikapata kazi ya kuendesha taa za ukumbi wa harusi, bodi ikataka sentimita 12 kwa 10. Leseni sina. Nikaikata bodi vipande viwili nikaviunganisha kwa waya bapa. Mteja akaniuliza, fundi, mbona ina kitovu? Nikamwambia ndiyo muundo wa kisasa.

Nikaja nikanunua leseni. Mwaka 2016 Autodesk wakainunua kampuni, 2017 mambo ya kununua mara moja yakaisha, ikawa kodi kama ya nyumba. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba EAGLE mwisho wake ni tarehe 7 Juni 2026. Sisemi wamedhulumu mtu, mali ni yao. Ila michoro ilikuwa yangu. Faili za kuanzia toleo la 6 ni maandishi ya XML na KiCad ilizifungua. Za kabla ya hapo hazikufunguka mpaka kwanza nizipitishe kwenye EAGLE mpya zaidi nizihifadhi upya. Nilikaa wikendi mbili, faili moja moja, kama mtu anayechambua choroko.

Kuhusu kraki nitasema moja tu. Niliwahi kuweka programu ya aina hiyo, ikaja na mgeni wake. Picha zote za harusi ya binti yangu zilikwenda. Mama yake mpaka leo nikifungua laptopu ananitazama.

FundiWaLangoni

Shukran mzee wangu. Hiyo ya kitovu nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini.

MchoraTabaka (Nairobi)

Ngoja na mimi nitetee upande wa pili, maana hapa naona kila mtu ameshavaa jezi.

Natumia Altium kazini kila siku na sioni aibu. Ofisini tuko wahandisi sita, bodi zetu zina tabaka 8 hadi 12, na siku haiendi bila mtu kugusa mchoro wa mwenzake. Ninapochagua kipuri, programu inanionyesha kama bado kinauzwa na nani anacho, kabla sijakiweka kwenye mchoro. Mkuu wetu anaandika maoni juu ya bodi yenyewe akiwa kwenye simu. Tukitoa toleo la kiwandani linafungwa, hakuna wa kulibadilisha kimyakimya. Tuna kifaa chenye bodi tatu ndani ya kasha moja, mbili zimeunganishwa na ya kunyumbuka, na Altium inatukunjia ile ya kunyumbuka kwenye picha ya pande tatu tuone kama itagusa kasha. Jaribu hilo kwa KiCad uone utakavyohangaika.

Bei ni kubwa, ndiyo. Lakini ikikuokolea mara moja kurudia bodi ya tabaka 12, imejilipa. Wanaosema huria inatosha kwa kila kitu hawajawahi kupewa tarehe ya kukabidhi na mtu anayevaa tai.

Shaba35

Hilo silikatai ndugu wa Nairobi. Ila hata hiyo yako nayo inahama mikono. Ilianza kama Protel kule Tasmania mwaka 1985, ikaitwa Altium 2001, na mwaka 2024 Renesas wa Japani wamemaliza kuinunua. Leo nzuri. Ya kesho nani anajua?

MchoraTabaka

Na hiyo KiCad yako kesho wale wanaojitolea wakichoka?

Shaba35

Faili ni maandishi matupu, leseni ni ya huria, GPL. Wakichoka, atakayetaka ataiokota aendelee nayo. EAGLE hakuna wa kuiokota.

MwanafunziWaPoli

Samahani wakubwa, mimi chuoni tunafundishwa Proteus. Je nayo ni ya kitaalamu? Naiona inawasha LED na kuendesha programu ya PIC, ile chipu ya mikrokontrola, ndani ya kompyuta bila kuwa na kifaa chochote.

Shaba35

Ni ya kulipia, ya kampuni ya Uingereza, na kwa kuiga mikrokontrola ikiwa na msimbo wako ndani ni tamu sana. KiCad ina ngspice ndani yake tangu toleo la 5, hiyo inakokotoa volti na mikondo, lakini haitakuendeshea msimbo wa PIC kama Proteus. Tumia hiyo ya chuo kujifunza. Ila muulize mwalimu wako leseni iko wapi, halafu utazame macho yake.

Mwanamalundi_Mtandaoni

Mbona hakuna aliyetaja EasyEDA? Bure, haihitaji kompyuta nzito, vipuri vimo na bei zake, ukimaliza unabonyeza tu bodi inaagizwa kiwandani China, JLCPCB. Mimi sijui kwa nini mnajitesa.

FundiWaLangoni

Niliijaribu ndugu. Ni nyepesi kweli, na kuna ya kuweka kwenye kompyuta. Lakini mimi nilikuwa naifungulia kwenye kivinjari, mtandao huku ukakatika siku mbili, na mchoro wangu uko huko China unaniangalia. Nikarudi kwenye kitu kilicho kwenye diski yangu. Halafu bure si huria, hilo nimelijua baadaye.

KiCad yenyewe kuishusha ni zaidi ya giga moja. Nililetewa kwenye flashi kutoka Mombasa, ikaja na basi mpaka Mokowe pamoja na magunia ya viazi.

BintiNgomeni (Malindi)

Kaka Fundi, salaam. Nimefanya kazi ya kubuni bodi ofisini Nairobi miaka saba, nusu kwa Altium, nusu kwa KiCad, sasa niko nyumbani Malindi najitegemea. Naona mnabishana kuhusu jembe, shamba hakuna aliyelitazama.

Huyo mhandisi hajasema anahitaji nini. Amesema anataka nini. Kiwanda kinachotengeneza bodi hakijui wala hakijali umechora kwa programu gani. Kinapokea faili za Gerber, yaani picha ya kila tabaka la bodi, faili ya matundu, orodha ya vipuri, na kama wanakuwekea vipuri kwa mashine, faili ya mahali kila kipuri kinapokaa. Hizo zinatoka sawasawa kwenye KiCad, Altium, popote. Anayetengeneza kasha atataka STEP, faili ya umbo la bodi kwa pande tatu. Anayekagua atataka mchoro wa saketi kwa PDF. Faili ya asili ya Altium inahitajika kama wao wenyewe wanakusudia kuja kuibadilisha baadaye. Je, wanakusudia? Na mkataba unasema mchoro ni wa nani, wako au wao? Maana hiyo bodi umeibuni wewe na unawauzia manahodha wa Mokowe. Ukikabidhi faili asili bila maandishi, mwakani utaiona inauzwa na mtu mwingine na huna la kusema.

Waandikie barua yenye bei mbili. Ya kwanza: bodi 40, faili za kiwandani, PDF na STEP. Ya pili: hivyo hivyo, pamoja na leseni ya Altium ya mwaka mzima na siku zako za kuhamisha mchoro. Usigombane nao. Waache wasome wenyewe.

Kraki, hapana. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 programu ya kompyuta hapa Kenya inalindwa kama maandishi ya mtunzi. Na hilo ukiliweka kando, unampelekea mtu wa ofisi ya Ulaya faili iliyotoka kwenye programu usiyoimiliki, na yeye ndiye aliyekuchagulia programu. Atakuuliza leseni ni ya jina gani. Utamjibu nini?

Na kwa bodi ya tabaka mbili ya pampu, kununua Altium ni kukodi meli kuvuka kwenda Manda, kisiwa cha hapo mkabala na Lamu.

Sasa nikuulize mimi. Pampu inavuta ampea ngapi, na njia yake ya shaba ina upana gani?

FundiWaLangoni

Dada, hiyo ya bei mbili nimeipenda sana, naandika usiku huu.

Pampu inavuta ampea 6 ikiwa imetulia. Njia ya shaba ni milimita 1. Shaba ya kawaida, maikroni 35.

BintiNgomeni

Milimita moja?

FundiWaLangoni

Moja. Hazijaungua lakini.

BintiNgomeni

Kaka, fungua KiCad. Kwenye lile dirisha la mwanzo kuna kikokotoo, na ndani yake kuna sehemu ya upana wa njia. Weka ampea 6, shaba maikroni 35, joto lisipande zaidi ya nyuzi 10. Itakwambia unahitaji kama milimita 3.6. Sasa geuza hesabu: njia ya milimita 1 kwa masharti hayo inabeba ampea 2.4 tu. Ukiisukumia 6, hesabu inatoa kupanda kwa joto kama nyuzi 80 juu ya hewa iliyo ndani ya kasha. Na kasha lako liko wapi? Ndani ya boti, juani, limefungwa lisiingie maji.

Kaitazame bodi iliyokwisha kufanya kazi. Usitazame juu, itazame chini.

JahaziBovu

Naona uzi umekuwa mtihani.

FundiWaLangoni

Nimerudi. Jana baada ya alasiri nilikwenda gatini nikamwomba nahodha mmoja anipe bodi yake nimkague, nikamwekea nyingine. Nimeifungua mezani chini ya taa.

Upande wa juu safi kabisa, hata nikajisifu. Nikaigeuza. Kuanzia kwenye relei mpaka kwenye kituo cha waya wa pampu, kijani kimeondoka, pamebaki mstari wa rangi ya mahamri yaliyokaa motoni kupita kiasi. Nilipopitisha ukucha, ile rangi ya juu ikabanduka na njia ya shaba ikanyanyuka nayo, kama gamba la ukoko. Na pale ilipobanduka chumvi ilikuwa imeshaingia, pana unga wa kijani.

Hii bodi ina miezi kumi na nne. Nahodha ananiambia "fundi, haijawahi kunisumbua." Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Kosa si la KiCad. Kikokotoo kilikuwa pale miaka yote mitatu, mimi sikuwahi kukibonyeza. Ile milimita moja niliinakili kutoka kwenye bodi yangu ya chaja ya simu.

MchoraTabaka

Pole kaka. Kwa taarifa yako, mimi nimeunguza njia ya shaba kwa Altium yenye leseni halali. Ilikuwa ya bei ghali sana ile harufu.

Shaba35

😂 Nairobi, hapo umekuwa ndugu yangu.

Fundi, usipanue njia tu. Mimina shaba pande zote mbili kama eneo zima na uziunganishe kwa matundu mengi. Kisha tengeneza kundi la nyaya za nguvu kwenye mipangilio, ulipe upana wake wa chini, ili ukaguzi wa kanuni ukupigie kelele siku ukisahau. Na baada ya kusolda paka vanishi ya kuzuia unyevu, mara mbili, kingo zote. Hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma, hasa kusi ikivuma. Hata skrubu weka za chuma cha pua.

MwanafunziWaPoli

Hicho kikokotoo Proteus inacho?

Shaba35

Mtoto, kalamu na karatasi vinacho.

FundiWaLangoni

Wanajamvi, wiki tatu zimepita, nimekuja kutoa mrejesho kama nilivyoahidi watu kwenye faragha.

Kwanza, bodi za zamani. Nimewafuata manahodha mmoja mmoja, kumi na moja, nimewabadilishia bila malipo. Wawili walikataa, wanasema yao inafanya kazi, nisiiguse. Nitawarudia.

Barua ya bei mbili ilikwenda. Siku mbili kimya. Siku ya tatu mwenye boti alinipigia mwenyewe, hakuongea kuhusu programu kabisa, aliuliza kwa nini bei ya pili iko vile. Nikamweleza. Akasema atazungumza na mtu wake.

Yule mhandisi akaandika. Nilijiandaa kwa vita. Kumbe walikuwa wanaogopa jambo moja tu: mimi nikitoweka, nani ataifungua faili? Nikamwambia afungue kwenye Notepad aone. Ameishusha KiCad mwenyewe, hajalipa kitu, ameufungua mchoro wangu kwenye kompyuta yake. Sasa masharti yake yakawa mengine: niandike toleo nililotumia, alama za vipuri na futuprinti zote, yaani michoro ya mahali miguu ya kipuri inaposoldwa, ziwe ndani ya mradi zisitegemee maktaba ya kwenye laptopu yangu, na PDF iende pamoja. Hayo yote ni haki. Lile la maktaba lilinichukua jioni nzima, maana nilikuwa na futuprinti nne nilizochora zamani zikiwa zimehifadhiwa kwenye folda inayoitwa "mpya2".

Halafu akaleta masahihisho sita. Hakuna hata moja la programu. Tundu la skrubu liko karibu mno na ukingo. Hakuna mahali pa kuweka ncha ya mita wakati wa kupima. Maandishi ya kuonyesha chanya na hasi yamefunikwa na kipuri. Mambo ya namna hiyo. Alikuwa na haki kwenye matano, la sita nilimwonyesha picha ya boti na akaliondoa.

Mkataba: mchoro umebaki wangu, wao wana ruhusa ya kuutumia kutengeneza vipuri vya boti zao tu. Dada BintiNgomeni, mstari huo ni wako neno kwa neno.

Bodi zimefika juzi, zimeshuka Mokowe na basi la asubuhi. Nimekusanya moja, njia ya pampu sasa ni eneo la shaba lenye upana wa milimita 8 pande zote mbili. Nimeweka pampu kwenye beseni la maji ya bahari hapa uani, bomba linarudisha maji mlemle, nikaiacha saa mbili kasha likiwa limefungwa juani. Paka wa jirani walikaa kuangalia wakidhani kuna samaki. Nikafungua, nikaweka kidole pale palipokuwa na mstari wa mahamri. Vuguvugu tu, kama chai uliyoisahau.

BintiNgomeni

Mashaallah. Hiyo picha ya paka iko wapi?

MwanafunziWaPoli

Ami, ni toleo gani la KiCad umetumia? Nataka kuanza.

FundiWaLangoni

9.0. Na ukishaanza kazi ya mtu usilipandishe katikati. Ukihifadhi kwa toleo jipya, la zamani halitaifungua tena, na mwenzako aliyebaki nalo atakupigia simu usiku. Njoo Langoni na flashi yako, ninayo hapa.